Kavugho na Wimbo wa Kusindikiza

Kabla hujamhukumu Kavugho kwa alilolifanya mlangoni mwa watu, jua kwanza kazi yake ilikuwa nini. Sisemi kazi ya mshahara. Hizo amefanya nyingi na hakuna hata moja aliyoililia alipoiacha. Kazi ninayoisema mimi haina bosi wala likizo: alikuwa mwanzisha nyimbo.

Kwao Kyondo, juu ya milima karibu na Butembo, mtu akifa watu hukusanyika, na wakishakusanyika huketi wakitazamana. Vilio havikosekani, ila wimbo haujianzishi wenyewe. Sharti awepo mtu mmoja mwenye kifua cha kutoa mstari wa kwanza peke yake, bila ngoma, bila kujua kama wenzake watamwitikia. Kavugho aliifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, kwa kuwa mama aliyeizoea alikuwa amekaukiwa na sauti kwa mafua. Mama yule alipona, lakini hakuna aliyemwita tena. Watu nao wana ukatili wao.

Wimbo wa mwisho wa matanga, ule unaoimbwa mwili unapotolewa nyumbani, waliuita wimbo wa kusindikiza. Mgeni aliyekula kwako humwachi aende hivihivi, unamfuata mpaka njia panda, na maiti naye ni mgeni anayeaga. Aliyeondoka bila wimbo huo, walisema, ameondoka kama mtu aliyefukuzwa. Kavugho aliyaamini maneno hayo kama anavyoamini kwamba moto unaunguza.

Vita vilimtoa Kyondo yeye na mumewe Polycarpe, seremala mrefu wa maneno machache. Walikaa miaka kumi na moja katika kambi ya wakimbizi Uganda, kisha ndege ikawashusha Louisville. Walipewa apatimenti huko Highview, nyuma ya safu ya maduka. Polycarpe alipakia vifurushi ghalani, Kavugho alikunja mashuka ya hoteli. Baada ya miaka miwili walihamia Columbus, kwa sababu ileile inayowahamisha Wakongomani wote Marekani: mtu alipiga simu akasema huku ni afadhali. Sijawahi kusikia mtu aliyepiga simu akasema huku ni kubaya, msije.

Ilikuwa huko Columbus, asubuhi moja ya Alhamisi, Polycarpe akifunga kamba za buti lake la kazi, moyo wake uliposimama. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Jumamosi alasiri watu sitini walijaa katika vyumba viwili. Mjane si kazi yake kuanzisha wimbo. Lakini Columbus yote haikuwa na mwanzishaji mwingine, kwa hiyo Kavugho alisimama akauanzisha mwenyewe. Walifika mstari wa pili. Mlango ukagongwa, na meneja wa apatimenti akaingia, kiganja juu, akisema kwa upole kwamba majirani wamelalamika na kwamba sauti zisipopungua atalazimika kuita polisi. Angekuja kwa ukali pengine wangemjibu. Upole ule uliwamaliza. Watu waliofika nchi ile kwa makaratasi hawalichezei neno polisi, na vinywa sitini vikafungwa kwa mara moja. Walimalizia kwa sala ya kunong'ona.

Kule makaburini ilikuwa vibaya zaidi. Hakukuwa na meneja. Palikuwa na uwanja mpana, theluji chafu, na mashine ya kufukia ikingurumisha injini pembeni. Wote walimgeukia Kavugho. Alifungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Clémence, dada yake Polycarpe, alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Buffalo. Jioni ile, akiosha vikombe jikoni, alisema bila kugeuka, "Kaka yangu ameenda sawa mutu hana batu." Yaani kama mtu asiye na watu.

Kavugho aliendelea kufuta vikombe. Naye aliamini vivyo hivyo.

Basi ukoo ni kitu cha ajabu. Clémence huyohuyo aliyesema neno lile ndiye aliyempigia simu mwaka uliofuata. "Wifi, unabakia huko na nani? Kuya Buffalo." Akampokea nyumbani kwake, Lower West Side, mpaka alipopata chumba mtaa wa pili. Akampeleka kanisani na kumtafutia kazi katika nyumba ya wazee kule North Buffalo, kuwaogesha na kuwalisha. Walikula pamoja kila Jumapili. Neno la jikoni hawakulitaja tena, na kwa sababu hawakulitaja lilikaa pale pale, mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mwaka wa saba. Katika kwaya Kavugho alisimama safu ya pili. Aliitikia vizuri. Hakuanzisha kamwe, na kwenye matanga ya watu alishinda jikoni akikoroga bugali.

Mwaka jana mwezi wa pili, mama mmoja Myahudi, Zelda Rudnik, alikuja ibadani akakaa nyuma. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mfupi, mwenye miwani inayoteleza puani, na alipiga klarineti katika kundi la Wayahudi wenzake. Alitafuta watu wa kushirikiana nao. Wayahudi wa Buffalo hufanya tamasha la utamaduni wao kila mwaka, na onyesho la kufunga, alieleza, lilikuwa la kupandisha jukwaa moja miziki isiyowahi kusalimiana. Eliezer, kiongozi wa kwaya, alikubali kabla hajamaliza kutafsiri.

Walifanya mazoezi miezi mitatu. Zelda alileta wimbo wa babu yake usio na maneno, sauti tupu inayopanda na kushuka kama mtu anayewaza. Alikuwa amegundua kwamba ukishuka pale mwisho, unaangukia moja kwa moja katika wimbo wa kusindikiza, ule aliousikia kwenye rekodi ya kwaya akauomba bila kujua unatumika wapi. Mzee mmoja wa kundi lake, mwenye ndevu nyeupe, alipiga fidla. Hesbon, mwanafunzi Mkenya anayepigia kwaya gitaa, alilalamika wiki mbili. "Hii key ni ngumu, aki, lakini tuta-manage," akasema, na waka-manage. Mpango ulikuwa huu: klarineti ianze peke yake, ikinyamaza, mwimbaji mmoja aanzishe, kisha wote waingie. Eliezer alimwomba Kavugho. Alikataa. Nafasi ikapewa Clémence, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi.

Siku tisa kabla ya onyesho, Ijumaa, baba yake Zelda alifariki. Jumapili alizikwa.

Hapa ndipo ninapoomba umwelewe Kavugho. Jumatatu jioni kwaya nzima, watu kumi na tisa, walivaa kitenge chao cha rangi moja wakaenda kumlilia mwenzao. Hawakuwa wajinga. Katika mazoezi walikuwa wamejifunza kwamba Wayahudi wana sheria za chakula, kwa hiyo sufuria za sombe, kisamvu chao, waliziacha nyumbani, wakabeba maembe na machungwa mazima. Habari ya chakula waliiuliza. Habari ya wimbo nani angeiuliza? Ungeuliza kama kwenye matanga watu wanaruhusiwa kulia?

Ndani ya gari Clémence alisema, "Bon, leo nani ataanzisha? Miye nina kikohozi."

Magari mawili matatu yakawapita.

"Miye," Kavugho akasema.

Clémence aligeuka kumtazama, halafu akatazama barabara tena. Kavugho hakuwa amejiandaa. Alijua tu kwamba huyu Zelda alikuwa amefiwa juzi, na kwamba hatakubali mfiwa mwingine aachwe katika nyumba isiyo na wimbo huku yeye akiwa na koo lake zima.

Mlango wa akina Rudnik ulikuwa wazi. Kavugho alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akaanzisha. Sauti ilitoka, nzito kuliko zamani lakini ileile, na nyuma yake wenzake wakaitikia kwa nguvu ya watu walioisubiri miaka saba. Alihisi furaha. Niseme ukweli, katika nyumba ya msiba alihisi furaha.

Walifika mstari wa pili. Mzee wa fidla akatokea kwenye korido, kiganja juu.

"Tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Humu ndani siku hizi saba hakuna muziki."

Wimbo ulikufa vipande vipande, soprano kwanza, kisha teno, na besi mwisho kabisa, maana besi huwa wa mwisho kuelewa. Kavugho alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliliona lile kaburi la Columbus na ile mashine, na kile kiganja cha meneja kikiwa juu. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema, lakini yeye alihisi ameingia katika giza lilelile mara mbili kwa miguu yake mwenyewe.

Mzee aliwakaribisha waingie. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa mashuka. Zelda alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi, blauzi yake imechanwa shingoni. Eliezer alinyoosha mkono kumpa pole, na mzee akamgusa bega, akamnong'oneza kwamba kwao mgeni hasemi chochote mpaka mfiwa aseme kwanza. Basi wakaketi, wengine kwenye viti, wengine chini kwenye zulia, watu kumi na tisa wa kitenge chekundu, machungwa mapajani. Dakika zikapita. Sijui kama umewahi kuwaona Wakongomani kumi na tisa wamekaa kimya katika chumba kimoja. Mimi sikuwahi kusikia.

Ndipo Kavugho akakumbuka neno la wakubwa, ambalo amelisema mwenyewe mara ngapi: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Alilijua toka utoto. Na leo yeye, wa mbali, alikuwa amemtangulia mfiwa mlangoni kwake. Aibu yake ikageuka ikawa ya aina nyingine, yenye masikio zaidi.

"Niliwasikia," Zelda akasema hatimaye, kwa Kiingereza cha polepole alichozoea kuwasemesha nacho. "Baba angependa. Lakini sharti ni sharti."

Akawaeleza, na Eliezer akatafsiri kwa wasiosikia Kiingereza. Siku saba nyumbani. Na kwa mzazi, miezi kumi na miwili bila muziki wa kusherehekea. Asingepiga Jumapili. Hata ukumbini asingeingia.

"Kama ningekula kwa muziki, rabi angeniruhusu," akasema. "Lakini mimi nakula kwa hesabu."

"Donc, concert imekufa," Eliezer akanong'ona kwa Kiswahili.

Zelda hakuhitaji kutafsiriwa uso ule. "Hapana. Mtaimba. Wimbo wetu ni saa tisa na nusu. Nitakuwa hapa, nitajua."

Wenzake walipoinuka kuaga, Kavugho alibaki. Kiingereza chake ni cha nyumba ya wazee, cha geuka mama na inua mkono baba, lakini kilimtosha. Alisogea karibu na kigoda.

"Hata makaburini hamwimbi?"

"Tunasema sala. Halafu tunachukua koleo wenyewe, ndugu na marafiki, tunamfukia. Huwa husikii kitu, ni udongo tu unaoanguka."

"Na yeye, anajua kwamba mlimsindikiza?"

Zelda alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi iliyochanika. "Sijui anajua nini. Mimi najua kwamba hakuna aliyeondoka mpaka shimo likajaa."

Kavugho alitoka nje bila kuaga vizuri. Katika gari alishika vidole vyake kimoja kimoja, na wenzake walidhani ni aibu. Alikuwa akihesabu. Siku ile Columbus kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Injini ilikuwa ikinguruma, dereva wa mashine akitazama saa yake. Watu wengi walikuwa na zamu ya kazi jioni ile. Alijaribu kukumbuka ni nani aliyerudi kwenye gari kabla ya mwisho. Mzee Gaudiosi na mguu wake mbovu? Hapana, alikuwa ameegemea mti. Karaha, mwenye mtoto mchanga mgongoni? Alikuwa pale, amemfunika mtoto kwa shali mbili. Wanaume watatu walikuwa wamemwomba dereva koleo, akakataa, wakainama wakarusha udongo kwa mikono. Alipita uso mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kwa Clémence, aliyekuwa amevaa koti la kuazima. Watu sitini, na hakuna aliyeondoka. Miaka saba alikuwa ameusikiliza wimbo usiokuwepo, na waliokuwepo hakuwahi kuwahesabu. Alilia, akiwa amegeukia dirishani, na hakujificha sana.

Alhamisi walifanya mazoezi bila Zelda. Mzee wa fidla alisema angeweza kupiga sehemu ya klarineti, si ngumu.

"Muiache," Kavugho akasema. Wote wakamtazama, maana safu ya pili huwa haisemi. "Nafasi yake ibaki hivyo. Tungoje muda wote ambao angepiga. Halafu tuanze."

Mzee aliishusha fidla. "Ni dakika moja na nusu," akasema. "Jukwaani dakika moja na nusu ni ndefu sana."

Ilikuwa ndefu kweli. Clémence alijaribu, na kwenye sekunde ya arobaini akaingia. Walirudia, akaingia kwenye ya hamsini. Mara ya tatu alifika dakika, akakohoa, akaanza kuimba kana kwamba kikohozi kilimsukuma. Akatupa mikono. "Siwezi kusimama mbele ya batu sawa muti. Wifi ndiye amesema, wifi ndiye aanzishe."

Lilisemwa kwa hasira. Hata hivyo lilisemwa, na Eliezer aliandika jina la Kavugho kwenye karatasi haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Jumapili ukumbi wa North Buffalo ulijaa. Wazee wawili wa nyumba anayofanyia kazi Kavugho walikuwa wameletwa kwa viti vya magurudumu, wakampungia mkono. Kulikuwa na nyimbo za harusi, kulikuwa na mtoto aliyecheza jukwaani bila kuitwa. Hesbon alipiga gitaa la Kikongo juu ya fidla mpaka bibi mmoja wa miaka themanini akasimama kucheza. Saa tisa na nusu taa zikapunguzwa. Waliweka kiti cha Zelda mahali pake, na kwaya ikasimama nyuma yake.

Hakuna aliyetangaza. Sekunde za kwanza watu walingoja kwa adabu. Kisha wakaanza kukohoa, viti vikalia, mtu akauliza kwa sauti ya chini kama vipaza sauti vimeharibika. Mzee wa fidla alikuwa ameinamisha kichwa. Mstari wa mbele mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, na huyo akamnong'oneza wa nyuma, na habari ya baba yake Zelda ikasambaa ukumbini mpaka kukohoa kukakoma. Kavugho alihesabu kwa kidole pajani. Hakuogopa. Alikijua kile kimya, alikuwa amekaa ndani yake miaka saba, na leo kwa mara ya kwanza alikiona kuwa kimejaa watu.

Ilipotimia, alianzisha. Hapakuwa na kiganja, mlango haukugongwa. Kwaya iliitikia, fidla ikaingia chini yao, gitaa likaja kwa unyenyekevu ambao Hesbon hajawahi kuuonyesha tena. Waliuimba mpaka mwisho, beti zote nne.

Baadaye, katika chumba cha nyuma wanawake walipokuwa wakikunja vitenge, Clémence alimjia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimshika wifi yake mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mazishi.

"Leo umemuimbia kaka yangu," akasema. "Sasa ameenda muzuri. Neno lile nilisema, limekwisha."

Ulikuwa msamaha. Kavugho alikuwa ameungoja miaka saba, na ulikuwa mkononi mwake, bei yake ni kuitikia kwa kichwa tu. Fikiria mwenyewe ungefanya nini. Mimi ningeitikia.

"Hapana, wifi," akasema. "Leo nimeimbia baba ya Zelda. Polycarpe tulimusindikiza siku ile ile. Tulikuwa batu makumi sita mu ile baridi, na hakuna aliyeenda kabla shimo ijae. Na weye ulikuwa pale, na koti ya watu. Alienda na batu yake."

Clémence aliiachia mikono.

"Bila wimbo," akasema. "Nani anasema ile ilitosha?"

"Nasema miye," akajibu Kavugho. "Bibi yake wa ndoa."